Firigisi ya Mzee Harrison

"Firigisi iko wapi?"

Mzee Harrison aligeuza mchuzi kwa kijiko mara ya pili. Shingo ilikuwepo, maini yalikuwepo, mapaja, kidari, hata miguu. Firigisi haikuwepo.

Ilikuwa katika ukumbi wa chini wa jengo moja mjini Fridley, Minnesota. Watu wa kikundi, Waluhya wanaokutana kila mwezi baada ya kanisa kula chakula cha kwao, waliacha kumega ugali. Macho yote yalimwendea Natasha, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni akiwa amevaa aproni ya maua.

"Labda kuku wa Minnesota huzaliwa bila," alisema Ken, mchekeshaji wa kikundi.

"Huyu alinunuliwa akiwa hai, shambani huko nyuma ya Lakeville," Harrison alijibu. "Bravin mwenyewe aliniambia ali-drive kumtafuta. Kuku hai asiye na firigisi sijamwona bado."

Watu wakacheka. Natasha alimtazama Bravin, mchumba wake. Bravin alitazama ugali.

Senge Peris, shangazi yake Bravin, alifuta vidole polepole.

"Msichana wangu, kwetu firigisi ni ya mzee. Mwanamke haigusi. Mama yako hakukwambia?"

"Mama ni Mkikuyu wa Nyeri, senge. Lakini Bravin aliniambia."

"Kwa hivyo ulijua, na bado ukaila."

"Mimi sijaila."

"Ni nani alikuwa jikoni tangu asubuhi?"

Aliyekuwa na jibu ni Bravin. Natasha alilelewa Lakeville. Alijua kuosha mboga na kupanga sahani. Kuku, ugali na mboga ya mrenda vilipikwa na Bravin. Ni yeye aliyemwomba Natasha avae aproni na kupakua, ili Harrison, baba mdogo wa Bravin, ambaye Jumamosi angeongoza ukoo kwenda kumposa, aone kwamba mke anajua jiko. Na asubuhi hiyo, akionja chumvi, Bravin aliichukua firigisi akaitafuna. Tangu baba yake afariki, firigisi ya nyumbani kwao ilikuwa yake. Mkono ulikwenda wenyewe; alikumbuka tu mzee alipouliza.

Natasha alingoja. Bravin alimega tonge, hakulitia mdomoni.

"Ni mimi nilikuwa jikoni," Natasha alisema. "Nisameheni."

"Mlafi na mwongo," alisema Peris, "ndani ya aproni moja."

Harrison alisukuma bakuli. "Nitakula mboga. Na Jumamosi nitakuwa kazini. Tafuteni msemaji mwingine."

Natasha aliingia jikoni. Bravin alimfuata, akafunga mlango.

"Asante, babe. Nitaongea na mzee wiki hii, atapoa."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya wanaume wote wale? Ken angenitangaza mpaka mji wa Savage."

"Kwa hivyo wewe kuitwa mpishi ni aibu. Mimi kuitwa mlafi ni sawa."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote, Bravin. Hiyo ndiyo shida."

"Si ungesema wewe? Sikukuziba mdomo."

"Nilikuwa nakungoja. Kila mtu pale ndani alikuwa ananiangalia. Wewe peke yako ndiye hukuniangalia."

Alifungua aproni, akaitupa juu ya sufuria, akavaa koti na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Bravin alibaki ameshika ukingo wa sinki. Kupitia ufa wa mlango alimwona Ken akimwigiza Natasha akificha firigisi shavuni, na watu wakicheka. Simu ikatetemeka: ujumbe wa Natasha.

"Nimewasha gari. Barafu ya kioo ikiyeyuka, naenda."

Aliisoma. Kisha akachukua ile aproni ya maua, akaifunga kiunoni, akarudi ukumbini.

"Haya, bibi harusi ndiye huyu!" Ken alipiga meza.

"Baba mdogo, firigisi niliila mimi."

Kicheko kilikatika katikati.

"Unamkinga," alisema Peris.

"Hapana, senge. Nilipika mimi. Kila kitu. Yeye alipakua tu kwa sababu nilimwomba."

"Wewe? Na mrenda huu?"

"Nusa mikono yangu. Huyo kuku nilimbanika kwa makaa kule nje kabla ya kumchemsha."

Peris alimshika mkono, akaupeleka puani kama anayekagua samaki sokoni. Alinusa vidole, akanusa kiganja. Aliuachia mkono, akajifunika mdomo kwa leso.

"Nimemwita mtoto wa watu mlafi," alisema hatimaye. "Na ugali wake nakula."

"Ugali wangu, senge."

"Nyamaza!"

Harrison alikuwa hajaondoa macho usoni pa Bravin.

"Alikubali kubeba tusi ili wewe usiitwe mpishi?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikaa hapo."

"Nilikaa."

"Firigisi ningekusamehe kesho," alisema mzee. "Kukaa kimya, sijui." Akavuta bakuli, akachukua shingo. "Jumamosi nitakuja. Lakini nitaanza kwa kuwaomba wazazi wake radhi, wewe ukiwa umesimama. Sasa toka nje."

Nje baridi ilimpiga usoni. Kioo cha gari kilikuwa cheupe pembeni tu. Katikati uso wa Natasha ulionekana wote. Bravin alibisha dirishani. Natasha alishusha kioo kidogo.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Kwa wote?"

"Kwa wote. Ken ameniita bibi harusi."

Natasha aliitazama aproni, ikipepea kwenye theluji. Hakutabasamu. Alifungua mlango.

"Ingia. Usiniguse. Bado nina hasira."

Jumamosi, kule Lakeville, Harrison aliomba radhi kabla hajataja posa. Bravin alisimama muda wote, kichwa chini, na mama yake Natasha hakumwambia akae. Kisha akamwonyesha jiko, apike.

Kuku alipoletwa mezani, firigisi ilikuwa juu kabisa, nzima. Harrison aliitia kwenye sahani yake, akaitazama, akaisogeza mbele ya Natasha.

"Senge," Natasha alimgeukia Peris, "si mwanamke haigusi?"

"Kula, mwanangu," Peris alisema bila kuinua macho. "Tulishakutukana kwa ajili yake. Afadhali uijue ladha."

Natasha aliila yote, taratibu, akimtazama Bravin. Safari hii Bravin hakutazama ugali.