Daftari la Mazoezi

Kila Jumamosi, akishafua sare, Karani alifuatana na baba yake hadi karakana ya hospitali. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa mwandiko wake mzuri. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali. Pale alimwongoza mpwa wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, ili aijue kazi kabla ya kuajiriwa.

"Mjomba, leo niachie mimi," kijana aliomba, akiishika pampu ya dawa.

"Ngoja kwanza nikuonyeshe." Baba alichukua bisibisi, asiirudishe mpaka pampu ilipofanya kazi.

Kijana aliona haya kuomba tena. Alimsogezea Karani daftari la mazoezi, lililopaswa kuorodhesha kazi alizofanya mwenyewe na kusainiwa na mjomba wake. "Andika: nimefungua, nimesafisha, nimeunganisha."

"Lakini kaka, kafanya baba."

"Andika tu, Karani. Usinibishie."

Akaandika. Baba akasaini bila kusoma. Ikawa hivyo kwa miezi minne.

Hospitali ilipotangaza nafasi moja ya kazi, kijana aliomba. Wasaili walilisoma daftari, wakafurahi, wakampa pampu mbovu. Aliifungua, kisha akashindwa kuiunganisha. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Siku hiyo kijana alikuja nyumbani kwa kina Karani, chakula kikapoa mbele yake. Karani akaanza kulia.

"Baba, niliyeandika ni mimi. Nilijua si kweli."

Baba alilichukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. "Kazi yote hii ni yangu," alisema taratibu.

"Niliogopa, mjomba. Ukijua sijui, utanichoka."

"Na mimi nilipenda kujionyesha fundi. Nimekunyima kazi kwa mikono yangu."

Nafasi ile haikurudi. Jumamosi iliyofuata baba alikaa kwenye kigoda, mikono mfukoni. Kijana alihangaika na pampu saa tatu nzima, akavunja skrubu mbili. Baba aliuma midomo, hakuinuka.

"Niandikeje?" Karani aliuliza.

Kijana aliinamisha kichwa. "Andika nimeshindwa kuunganisha."

Baba alisoma, ndipo akasaini.

"Sentensi hii inauma, wanangu," alisema. "Lakini ndiyo ya kwanza inayoniambia nifundishe nini. Zile nzuri zote hazikunisaidia, wala hazikumsaidia huyu kijana."