Bomba la Faiba

Kila Jumamosi Wanjugu alifagia ua, akachota maji, kisha akamsaidia mama yake katika karakana yao ndogo mtaani Majimbo, Embu. Mama yake, Wambeti, alikuwa fundi wa faiba. Alilaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya chuma na kukilowesha gundi. Kikikauka, kilikuwa kigumu kuliko ubao.

Wiki hiyo alikuwa akikitengenezea bomba kiwanda cha jirani kilichochoma makaa ya mawe. Moshi wake ulioshwa kwa maji kabla ya kutoka nje, lakini maji hayo yaligeuka tindikali na kula chuma. Bomba la zamani la maji hayo lilikuwa limetoboka, moshi ukawa unatoka bila kuoshwa vizuri na mtaa mzima ukawa unakohoa.

"Wameziba viraka mpaka viraka vimepata viraka!" Wambeti alilalamika. Bomba jipya lilipaswa kufunikwa faiba ndani mote, tindikali isiguse chuma.

"Naenda kununua msasa," alimwambia Wanjugu. "Gundi haijakauka. Kuku asikaribie hapo. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Mama hajafika hata kona, Rwamba, rafiki wa Wanjugu, akamwita wakaruke kamba. Wanjugu aliporudi, kuku alikuwa ndani ya bomba akipapatika, miguu imenasa kwenye gundi. Alipomvuta, kitambaa kilichanika, chuma kikaonekana. Haraka alikikandamiza kitambaa pamoja na manyoya, akapaka gundi juu. Pakang'aa vizuri.

"Kuku hawakufika hapa?" mama aliuliza aliporudi.

"Hawakufika."

Jumatatu jioni Injinia Riungu wa kiwandani alikuja na pikapu kulichukua bomba.

"Mama Wanjugu, haya mambo yamenichosha," alisema. "Juzi mtoto wa jirani yangu amelazwa kwa sababu ya ule moshi. Na hili likivuja, nitawaambia watu nini?"

"Hili halivuji. Nimelifanya kwa mikono yangu."

Wanjugu alisogea karibu na bomba. "Mama, litavuja," alisema. "Kuku aliingia. Mimi nilifunika tu."

Wambeti aliingiza mkono na kisu, akakwangua. Unyoya ukatokea.

"Ai, Wanjugu! Kazi ya wiki nzima! Nilikuambia nini mimi? Nilikuambia nini?"

Injinia alishika kiuno, akaguna, akaondoka na pikapu tupu.

Kesho yake baada ya shule, Wanjugu alijifunga kitambaa puani, akavaa glavu, akapiga msasa mahali palipoharibika mpaka mikono ikamuuma. Mama alilalamika kando yake bila kukoma. Kisha wakalaza kitambaa kipya, tabaka juu ya tabaka, na Wanjugu hakubanduka hapo mpaka gundi ilipokauka.

Bomba lilipofungwa kiwandani, Riungu alipiga simu: maji yanapita, hata tone halivuji. Wambeti aliweka simu chini, akamtazama binti yake.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Lakini sikiza. Ukiharibu kazi, sema papo hapo, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, litaumiza watu ambao hata hatuwajui. Nashukuru tu kwamba ulisema kabla bomba halijapakiwa."