Kipenga Kimelia Tena

Mume wangu mtaa mzima unamwita Kipenga. Siku za kazi anachomelea mageti. Jumamosi ni refa wa mechi za watoto, na binti yetu ni beki. Akipuliza, hata mbuzi husimama!

Basi pumzi ikaanza kumwishia. Ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba. Moshi wa sigara na wa kuchomelea ulimchakaza. Sigara aliacha, dawa ya kuvuta alitumia, lakini kifua kilimbana mara kwa mara, tukamkimbiza hospitali. Jumamosi moja alipuliza kipenga, kikalia kama kifaranga. Watoto wakacheka. Nyumbani akakitundika ukutani.

"Nimestaafu," akasema. Roho iliniuma.

Kesho yake nikamkuta na dawa ya kuvuta ya jirani.

"Ugonjwa wangu na wake ni mmoja, mama watoto."

"Thubutu! Twende kliniki."

Daktari akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka, muuguzi akatueleza.

"Baba, kwenye damu kuna chembe nyeupe za ulinzi. Aina moja huitwa eosinofili. Zako ni nyingi. Zikizidi, zinaweza kuvimbisha njia za hewa."

"Yaani mabeki wangu wananichezea rafu mwenyewe?"

Muuguzi akacheka. "Ndivyo! Daktari amekuongezea dawa ya kuvuta yenye steroidi. Inatuliza uvimbe huo."

"Nitamgawia jirani."

"Hapana, baba! Asiye na eosinofili nyingi huenda isimsaidie, na inaweza kumletea nimonia. Naye aje apimwe. Wewe ivute kila siku, hata ukijisikia vizuri. Kisha sukutua mdomo, uteme. Mapafu hayatakuwa mapya, ila kubanwa kutapungua. Na moshi wa kazini ujikinge nao."

Alifuata yote, mbishi yule! Miezi ikapita bila kukimbizwa hospitali. Daktari akamruhusu kurudi uwanjani, mdogo mdogo.

Jumamosi ile akakitundua kipenga. Mechi haijachangamka, binti yetu akamkwatua mwenzake. Priiiii! Uwanja mzima ukasimama. Kadi ya njano.

"Baba! Mimi?"

"Beki akicheza rafu hutulizwa, hata akiwa wa nyumbani."

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Huyo ndiye mume wangu, jamani! Tulirudi nyumbani binti kanuna, mimi na Kipenga tunatembea kifua mbele.