Mdomo wa Chiriku

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa mchoraji kuichukua picha ya mdogo wangu, hata kama haijaisha.

Mdogo wangu tunamwita Chiriku. Anaimba akifua, anaimba akichana nywele, anaimba hata mswaki ukiwa kinywani. Lakini tangu aanze kwenda kuchorwa, sauti yake ilikuwa ikipungua kila kukicha. Asubuhi ile alifungua kinywa aniamkie... ikatoka pumzi tupu. Daktari alimmulika kooni, akasema hamna kitu.

Hamna kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Karibu, Mwalimu," mchoraji alisema, akijifuta vidole. "Umekuja kutukagua?"

Chumba kilinuka rangi mbichi, na harufu nyingine chini yake, kama kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu. Picha zilijaa ukutani. Watu wote waliochorwa walikuwa wameachama kidogo.

"Ni kazi gani hii, fundi?"

"Waimbaji wa nyumbani," alijibu. "Wale wanaoimba wakidhani hakuna anayewasikia. Hao ndio wananipa hamu ya kushika brashi. Zamani nilipenda magitaa na tarumbeta. Siku hizi naona ni makelele. Sauti moja inanitosha."

"Na vitambaa vyote hivi vya kuchorea?"

"Sinunui vipya. Napaka juu ya picha za zamani. Wa chini hawalalamiki." Akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia mtu akiimba.

Polepole. Kwa kubana midomo. Sauti ilitoka kwenye redio iliyokuwa juu ya kabati, na wimbo ulikuwa ule wa Chiriku wa kufulia, pamoja na pale anapokosea siku zote.

Nikaitazama redio vizuri.

Waya wake ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa uzi.

"Umemfanya nini mdogo wangu?" nilinong'ona.

"Mimi? Nilimwomba atoe sauti." Akachovya brashi kwenye rangi nyekundu. "Akaitoa."

Kila siku huwaambia watoto darasani: toeni sauti! Sikuwahi kulisikia neno hilo hivyo.

Picha ya Chiriku ilikuwa imeegemezwa dirishani. Macho yalikuwa yake, shingo ilikuwa yake. Rangi ya mdomo peke yake ndiyo iliyokuwa bado inang'aa kwa ubichi.

"Ikikauka hapo, nimemaliza," alisema. Kisha akanisogelea. "Na wewe, Mwalimu? Toa kidogo tu..."

Nilibana midomo yangu. Nikanyakua kitambaa mezani, nikaufuta ule mdomo kwa nguvu zangu zote. Hakunizuia. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Redio ikanyamaza.

Rangi mbichi ilitoka. Chini yake palikuwa na mdomo mwingine. Mkavu. Wa mtu mzima kuliko mdogo wangu.

Ulikuwa unatabasamu.

"Aa," mchoraji akanong'ona. "Sasa umemfungulia nani?"

Nilitoka mbio, picha nikaiacha palepale.

Nyumbani, wimbo ulinipokea mlangoni. Mama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Amepona! Njoo umsikie mwenyewe."

"Shikamoo, dada," Chiriku alisema, akinikumbatia. "Hiyo ni ya asubuhi, ilinishinda."

Sauti ilikuwa yake. Utani ulikuwa wake. Hata hivyo niliketi mbele yake, nikamtazama kama ninavyomtazama mtoto aliyenieleza nusu ya jambo.

Aliimba. Akachukua glasi ya maji. Akanywa.

Nililiona koo likimeza.

Wimbo haukukatika.

"Mama..." nikaanza.

"Nyamaza wewe," mama alisema, amefumba macho kwa raha. "Mwache mwenzio aimbe."