Muziki wa Chumba cha Kusubiri

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwanza kliniki ya meno ya shangazi yake. Alifuta viti vya chumba cha kusubiri kwa kitambaa chenye sabuni, akapanga magazeti mezani, kisha akafanya kazi za shule mpaka mama yake alipompitia akitoka kazini. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika watu walimwita Chiriku, naye aliitika bila kinyongo.

"Umefuta viti vyote?" shangazi aliuliza kutoka chumba cha ndani.

"Vyote, shangazi!"

Kiti cha nyuma ya mlango hakikuwa kimeguswa. Lakini nani hukaa nyuma ya mlango? Hivyo ndivyo alivyokuwa Chiriku. Hakuwa mvivu wala mkaidi, ila kazi zake mdomo ulizimaliza kabla ya mikono.

Siku hizo nyumbani kulikuwa na shida. Mdogo wake, Kitinda, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa na jino la nyuma lililotoboka. Alitafuna upande mmoja, na shavu lilimvimba kama ameficha ndimu. Mara mbili mama alimleta kliniki, na mara mbili, aliposikia mashine ya kuchimbia meno ikilia nyuma ya mlango, alichomoka mbio hadi getini.

"Hilo ni jino la ukubwani," shangazi alimwambia mama. "Nikiliziba mapema litapona. Tukichelewa nitaling'oa, na jingine halioti."

Ndipo shangazi akamgeukia Chiriku. Alikuwa amenunua spika kubwa, nzuri, na sasa alitaka muziki wa kutuliza watu.

"Hofu huingilia masikioni, mwanangu. Nitafutie muziki wa polepole, usio na maneno, uliorekodiwa vizuri. Sikiliza kila mmoja mpaka mwisho kabla ya kuniletea. Jumamosi Kitinda atakuja, na nimemwahidi kwamba sitawasha mashine bila kumwambia."

"Kazi ndogo hiyo, shangazi. Ihesabu imekwisha!"

Jioni alikaa na simu ya mama. Aliona picha ya mawingu, akabonyeza, akasikia mwanzo wake, akachukua. Aliona picha ya mshumaa, akachukua na huo. Mama hajamaliza kukata vitunguu, Chiriku alikuwa nje akiruka kamba na wenzake. Kulipua kazi hakuhitaji muda mrefu.

"Umesikiliza yote?" shangazi aliuliza kesho yake.

"Yote! Utasinzia umesimama, shangazi."

Jumamosi ilifika. Muziki ulianza vizuri, kinanda kikipigwa kwa mbali. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alifumba macho. Kitinda mwenyewe alipanda kile kiti kirefu cha kulalia, akapanua kinywa, na mama akamshika mkono. Chiriku alisimama mlangoni mabega juu, akingojea kusifiwa.

Wimbo wa pili ulipofika katikati, mvumo ulianza. Huenda aliyerekodi alikuwa na waya mbovu, huenda alikaa karibu na feni. Kwenye simu usingesikika kabisa, lakini ile spika kubwa haikuficha kitu. Zzzzzzz! Ulipanda, ukapanda, ukafanana na mashine ya kuchimbia meno kama pacha wake. Mashine yenyewe ilikuwa imetundikwa pale pale, na mkononi mwa shangazi mlikuwa na kioo kidogo tu.

"Umewasha!" Kitinda alipiga kelele. "Ulisema utaniambia kwanza! Shangazi mwongo!"

Aliruka chini na kitambaa cha plastiki shingoni, akakimbilia uani, akakumbatia nguzo ya bomba huku analia. Muziki nao, bila haya, ulikatika, na mwanamume ndani ya spika akaanza kutangaza dawa ya visigino kwa sauti ya kuamsha mtaa. Yule mzee akachukua kofia yake.

"Mimi nitarudi wiki ijayo," alisema, akatoka.

Shangazi alizima spika. Chiriku alitaka kusema kwamba spika ndiyo mbovu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini aliutazama uso wa shangazi na kuona jinsi lile neno "mwongo" lilivyomchoma, mtu ambaye hajawahi kumdanganya mgonjwa hata mtoto mchanga. Aibu ilimshika Chiriku mpaka masikio yakamwaka.

Alitoka uani, akachuchumaa karibu na bomba.

"Kitinda, shangazi hakukudanganya. Mashine haikuwashwa. Ule mvumo ulikuwa ndani ya muziki, na mimi ndiye niliyeuleta. Niliambiwa nisikilize mpaka mwisho, nikasikiliza mwanzo tu, halafu nikasema nimesikiliza yote. Mwongo ni mimi."

Akamfungua kile kitambaa cha plastiki shingoni.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema taratibu. "Nimeudhika, sitakuficha. Lakini umesema mwenyewe, na hilo nimelisikia. Sasa kazi ni ile ile. Ifanye."

Wiki iliyofuata, kila kliniki ilipokosa wagonjwa, Chiriku alikaa mbele ya ile spika kubwa. Kitinda alikuja kukaa naye, kwanza kwa ubishi, baadaye kama hakimu.

"Huu una mbu," alisema, na kweli nyuma ya filimbi palikuwa na mlio mwembamba. Mwingine ulikatika ghafla kama mtu aliyefungiwa mlango. Mwingine ulibembeleza vizuri, kisha ngoma ikalipuka wote wawili wakashtuka, wakacheka mpaka Kitinda akashika shavu. Mara nyingi kidole cha Chiriku kilitamani kuruka mpaka wimbo mwingine, naye akakikalia.

Hatimaye wakakutana na gitaa moja na mvua. Walisikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi, na mpigaji akivuta pumzi kabla ya kuanza upya. Mvua haikulifunika gitaa, na gitaa halikuifukuza mvua. Waliusikiliza mpaka mwisho.

"Huu hauna mbu," Kitinda alisema. "Tuurudie."

Waliurudia mpaka wakaujua wote. Na siku iliyofuata Kitinda aliingia mwenyewe kwa shangazi, shavu lake likiwa bado limevimba.

"Niwekee ule wa mvua," alisema.

Shangazi aliuweka. Baadaye kidogo alisema, "Sasa nawasha mashine." Kitinda alifumba macho, akainua kidole gumba. Jino likasafishwa, likazibwa, likabaki mahali pake.

Mama alipokuwa akimfuta mate, maana mdomo ulikuwa bado na ganzi, shangazi alivua glavu na kumwita Chiriku.

"Unajua, jino bovu linaweza kung'aa juu," alisema. "Anayelitazama kwa mbali husema ni zima. Ubovu uko ndani, na ndani hufiki kwa kupita haraka. Kazi nayo ni hivyo hivyo, mwanangu. Ukisema 'nimemaliza', mwenzako anaegemea neno lako. Kama halina kitu ndani, ataanguka yeye."

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya. Yule mzee wa wiki iliyopita amerudi, namsikia anafungua geti. Viti umefuta vyote?"

Chiriku alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akachukua kitambaa.

"Bado kimoja, shangazi," alisema, akaenda nyuma ya mlango.