Nilimwambia Dada Ni Mawe ya Barabara

Nina miaka arobaini na moja, dereva wa taksi hapa Bunia. Nililolifanya linanitafuna mpaka leo, na ninaliandika jinsi lilivyokuwa, bila kujitetea.

Nilinunua gari yenye moteri ya turbo, injini ya nguvu, iliyotoka Japani. Jamani, nilivyoipenda! Nikikanyaga, watu wa sokoni waligeuka kuitazama. Niliipeleka kwa Baraka, fundi wangu wa miaka mingi, mtu mpole aliyehamia huku toka Butembo. Alisoma maandishi kwenye kifuniko cha tangi la petroli, akatikisa kichwa.

"Yaya, kaka yangu, hii moteri haitaki esansi ya kawaida. Inaomba super, ile ya oktani ya juu. Ukitia ya oktani ndogo, itawaka mbele ya saa yake, itapiga pistoni kama nyundo."

"Na kama siipati?"

"Basi uiuzishe, utafute gari ya moteri ya kawaida. Ao uendeshe polepole, usikimbie ku milima."

Super ilipatikana kwenye stesheni moja tu ya mafuta, na mara nyingi ilikuwa imekwisha. Nikachoka kungoja. Nikaanza kutia esansi ya kawaida ya bidoni, ile ya madumu inayouzwa kando ya barabara... Nani angejua? Gari si ilikuwa inawaka?

Baada ya wiki chache, kwenye mlima, nilisikia sauti kama kokoto ndani ya kopo. Nilijua ni nini. Nikaongeza muziki.

Asubuhi moja dada yangu Furaha alinipigia simu akilia. Mume wake, mwalimu Dieudonné, alikuwa amevimba tumbo, hawezi kusimama. Daktari aliyempasua mwaka uliopita alikuwa hospitali ya Nyankunde, nje ya mji. Jirani alikuwa tayari kuwapeleka na gari yake ya zamani. Nilikataa! Nikasema yangu iko mbio kuliko zote.

Tulipopanda mlima nilikanyaga mpaka mwisho. Sauti ile ilianza, kali kuliko siku zote.

"Kaka, ni nini inagonga?" Furaha aliuliza.

Nikamjibu ni mawe ya barabara.

Punde... pwaa! Moshi ukajaa nyuma, gari ikazima. Haikuwaka tena.

Kwa sababu usalama ulikuwa mbaya, magari yalikuwa machache siku ile. Tulingoja, jua likituunguza, shemeji akiugua chini ya mti. Mwishowe dereva mmoja wa pikipiki alikubali. Tulimkalisha mgonjwa katikati, dada akamkumbatia kwa nyuma. Niliwatazama mpaka vumbi likawafunika.

Shemeji hakufika. Alikata roho mikononi mwa dada yangu!

Kwenye kilio, pale matangani, wajomba waliniuliza gari ilikufa sababu gani. Watu wote walinitazama. Nikasema, "Ni Baraka. Aliniwekea pistoni ya zamani."

Maneno hayo tu! Siku ileile vijana wa familia walikwenda kwenye garaji. Walivunja kila kitu, wakampiga Baraka mpaka mkono wake wa kulia ukavunjika. Akahama na watoto wake, akaenda Boga. Watu wakasema anakimbia kosa lake... Nami nilinyamaza. Moyo gani ule?

Furaha na watoto walihamia kwangu. Kila asubuhi aliomba kwa sauti, "Mungu, unisaidie nimusamehe Baraka." Na mimi niko pale mezani, ninakoroga chai! Baada ya miezi kadhaa nilishindwa. Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Ile sauti, ulikuwa unaijua mbele ya kutubeba?"

"Nilikuwa ninaijua."

Akakunja nguo za watoto, akaondoka nao.

Nilikwenda Boga. Baraka analima sasa, mkono wake haushiki tena spana. Nililia, nikaomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miye sina la kukuambia," alisema. "Uende uwaambie wale walionipiga."

Nikarudi, nikawaambia mmoja mmoja. Wengine walinitemea mate. Furaha mpaka leo hapokei simu yangu.

Ndugu zangu madereva, nawasihi: moteri ikiomba super, ipeni super, ama muiache isimame. Ikianza kugonga, shusheni watu! Na kosa likiwa lenu, lisemeni palepale, kabla mwingine hajapigwa kwa ajili yake. Mimi nilisema... lakini nilichelewa.