Mwali wa Chini ya Kiambaza

Wazee wa Temeke huisimulia habari hii mchana tu, na hata huo mchana hawaisimulii jua likiwa utosini. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Mwaka ule wa 1947 Mwishehe alikuwa fundi seremala kwenye karakana ya mzee Fakihi, kule Keko. Kila siku aliamka alfajiri, akakoroga uji, akamimina mabakuli mawili, moja lake na moja la mdogo wake Mwajabu. Kisha alibeba randa na patasi zake akaenda kazini. Adhuhuri alirudi kula, kwani nyumba haikuwa mbali: nyumba ya fito na udongo waliyoachiwa na baba yao, upande wa kuelekea Mtoni, yenye baraza mbele na mikorosho nyuma.

Baba na mama walikufa mwaka mmoja, wote kwa homa, Mwajabu akiwa na miaka sita na Mwishehe kumi na saba. Wiki ile ile ya hitma ya mama iliingia barua. Mwishehe amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu huko bara, na hati ya safari ya treni imo ndani ya bahasha. Siku hiyo hiyo wakaja ndugu wa baba kutoka Kisarawe kumchukua mtoto, na baba mdogo mmoja, bila haya, tayari alikuwa amemtajia mchumba mwenye mvi. Mwishehe akawaambia mtoto haendi kokote. Wakamjibu haya, lea, tuone mwanamume anavyolea. Wakaondoka, na barua ya ualimu ikaingia kwenye sanduku la bati.

Basi akalea. Alimsuka nywele mpaka majirani wakacheka, akajifunza kumwogesha, kumkanda, kumtibu surua. Usiku alichukua kipande cha mkaa akamfundisha herufi ukutani, nyuma ya mlango. Alikuwa na kiu ya kufundisha, na mwanafunzi alikuwa huyo mmoja. Walikuwa na mchezo wao pia: Mwishehe akirudi alikaa barazani akagonga kiambaza, ule ukuta wa udongo wa chumbani, kwa kidole mara tatu, na Mwajabu kutoka chumbani akajibu tatu. Maana yake, nipo, hujambo?

Mwajabu alipofika miaka kumi na mitatu akavunja ungo. Kwa Wazaramo hilo si jambo la kunyamaziwa. Msichana huwekwa ndani miezi, awe mwali, asionwe na mwanamume yeyote, hata kaka yake, wala asipaze sauti. Jirani yao Bi Chausiku, mjane, akakubali kuwa kungwi wake. Kilichobaki ni mwana hiti.

Mwana hiti ni kisanamu cha mti, urefu wake shibiri moja. Kina shungi mbili kichwani, hakina mikono wala uso. Mwali hukiogesha, hukipaka mafuta, hukivisha shanga, hulala nacho. Ndiye mtoto wake wa kwanza. Hakinunuliwi, huazimwa kwa shangazi na kurudishwa kwa heshima, kwa sababu kimeshalelewa na wanawake wa ukoo, na mikono yao inajulikana.

Bi Chausiku akamwambia aende Kisarawe akaombe. Mwishehe alikuwa radhi kula mchanga kuliko kuwapigia magoti watu wale. Akasema atachonga mwenyewe.

Njiani kutoka Keko palikuwa na shamba la zamani linalofyekwa, serikali ijenge nyumba mpya. Ndani yake palikuwa na makaburi ya kale, na nguzo zake za mti zilikuwa zimeng'olewa, zikalundikwa pamoja na visiki. Mwishehe aliona kipande kimoja cha mti wa mkongo, kilichovunjika kichwa, kigumu, chekundu, hakina doa la mchwa. Akatazama huku na huku. Mti ni mti, alijiambia, akakitia kapuni, na usiku akakichonga mwana hiti. Bi Chausiku alipouliza kimetoka wapi akasema kapewa na mzee Fakihi. Uongo ulimtoka laini kama maranda.

Mwezi wa kwanza wa Mwajabu kuwekwa ndani ulikwenda vizuri. Tena ulikuja na neema: mwalimu wa shule ya jirani alimwambia kwamba chuo kinapokea hata watu wazima, na jina lake likipelekwa anaweza kuingia Januari. Kufikia Januari Mwajabu atakuwa ametolewa, na kijana mmoja wa Chanika, Marijani, alikwishaleta posa. Mwishehe akaitoa ile barua kuukuu, akaisoma mara mbili akiwa peke yake, akatabasamu kama mjinga.

Siku hiyo, adhuhuri, alikaa barazani akagonga mara tatu.

Mwajabu akajibu tatu.

Halafu zikagongwa tatu nyingine. Chini. Karibu na sakafu, kwa ukucha.

Alidhani ni panya. Kesho yake panya huyo aligonga tena, tatu, bila kuzidisha wala kupunguza. Keshokutwa vilevile. Mwishehe akajaribu kugonga mara tano, mchezo usio wao. Juu kukawa kimya, kwa sababu Mwajabu alishangaa. Chini zikaja tano.

Jioni ile Bi Chausiku alitoka chumbani amekunja uso. Alisema mwali anakonda, ilhali sahani inarudi imelambwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule mwana hiti ulimbandika nywele za nani?"

"Sikumbandika nywele."

Bi Chausiku akamtazama sana. Akasema basi zimeota.

Tangu hapo Mwishehe hakula adhuhuri akashiba. Kila siku mlio wa juu ulififia, na ule wa chini ukakomaa. Wa juu ulikuwa wa mtu anayeinua mkono kwa taabu. Wa chini ulikuwa na haraka, na furaha. Siku nyingine ulianza wenyewe, kabla hajaketi. Aliwaza kuvunja mwiko aingie, lakini aliogopa kumharibia mdogo wake uzazi, maana ndivyo walivyoambiwa tangu utoto. Na aliogopa jambo jingine, alilokuwa analijua peke yake.

Siku ya Ijumaa, watu wote wako msikitini, alibaki barazani. Jua lilikuwa limesimama, hakuna hata kuku aliyelia. Akasikia sauti ya Mwajabu kwenye ufa wa kiambaza, nyembamba, ya mtu mgonjwa.

"Kaka. Mtoto anakuita."

"Mtoto gani?"

"Huyu. Ananiuliza kwa nini unanigongea mie tu."

Mwishehe alishika ukuta. Mwajabu akaendelea kunong'ona kwamba mtoto hataki tena kubebwa. Anatembea. Anamkalia kifuani anapolala, na kila akimkalia anakuwa mzito zaidi. Anasema wewe una kaka tangu zamani, sasa nipishe.

Kisha sauti ikakatika. Mwishehe akagonga, akagonga tena. Juu hapakujibiwa. Chini zikajibiwa tatu, zikarudiwa tatu, mpaka chembe za udongo zikamdondokea mguuni.

Alikimbia pekupeku hadi kwa Bi Chausiku akamkuta anatoka kusali, akamwambia yote: kaburi, nguzo, uongo. Alilia mtu mzima yule, na hakuona haya. Bi Chausiku hakumpigia kelele. Alikaa chini tu pale pale penye mchanga.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Lakini anayeumbuka hapa si wewe, ni mtoto wa watu."

Alilijua shamba lile. Alikuwa na rika lake aliyezikwa pale, jina lake Tabu, yatima, aliyelelewa na kaka yake. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza Tabu alikuwa ndani, mwali, na kaka yake akakamatwa njiani kwenda kubeba mizigo ya askari. Hakurudi. Tabu akaugua humo ndani. Siku saba aligonga kiambaza akimwita kaka yake aje amtoe. Bi Chausiku mwenyewe, msichana wakati ule, ndiye aliyempelekea maji, na ndiye aliyesikia pale mlio uliponyamaza. Wakamzika na mwana hiti wake, na juu ya kaburi wakasimamisha nguzo yenye shungi mbili.

Walikwenda wote wawili kutafuta mahali pa kukirudisha kipande kwao. Hapakuwa na kwao. Pale penye makaburi palimwagwa msingi, mawe na saruji, na mafundi walikuwa wamekalia tofali wanakula mihogo.

Wakarudi. Karibu na nyumba Bi Chausiku akasema Tabu hana hamu na Mwajabu. Anachotaka ni kutolewa, na mwali hatolewi pasipo mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kusema huyu ni wangu. Akamshika mkono Mwishehe. Alimwambia aelewe vizuri: mtu akiitika, ameitika. Hakuna kwenda chuo, hakuna kuoa, hakuna kulala nyumba nyingine. Yule keshaachwa mara moja, hataachwa ya pili. Akiachwa atarudi kwa Mwajabu.

Mwishehe aliuliza jambo moja tu, kama kuna njia nyingine. Bi Chausiku akatikisa kichwa.

Akaketi barazani. Kanzu yake ilikuwa imelowa jasho. Ndani hapakuwa na pumzi ya mtu, wala juu wala chini. Akainama mpaka shavu likagusa sakafu, akagonga pale chini, mara tatu, taratibu.

"Tabu. Mie ndiye kaka yako. Nimechelewa. Toka, mwache mwenzio."

Akabaki ameweka sikio sakafuni.

Halafu juu, mahali pa siku zote, zikagongwa tatu, za nguvu, na Mwajabu akasikika akikohoa na kuomba maji. Bi Chausiku akaingia mbio. Mwishehe akafumba macho, akamshukuru Mungu, akasubiri mlio wa chini ujibu. Haukujibu.

Ndipo zikagongwa tatu pembeni yake, pale pale barazani, kwenye sakafu aliyokalia, karibu kabisa na nyonga yake. Hakugeuka. Bi Chausiku alipotoka alimkuta hivyo hivyo, na akamwambia mwana hiti hayumo chumbani.

Mwajabu alipona. Alitolewa kwa ngoma ya siku mbili, akachezwa mabegani mwa wanawake, akaolewa na Marijani akahamia Chanika. Hakukumbuka mengi, na kaka yake hakumkumbusha. Januari ikaja ikapita. Mwalimu wa shule alimfuata mara tatu kumhimiza, akakata tamaa, akasema wako watu wanaopigwa teke na bahati wakalala usingizi.

Temeke ikamtania. Kapera gani anapakua sahani mbili? Kapera gani hakubali hata kulala matangani? Walisema ana mke wa kijini, wengine wakasema ni bahili anayekula mara mbili. Yeye alicheka nao. Mwajabu alikuja kumtembelea kila baada ya mavuno, na kila mara kaka yake alimpokea barazani, akamkaribisha maji, asimwache aingie chumbani. Aliiona ile sahani ya pili. Alipouliza, alijibiwa kwamba mazoea yana taabu, bado mkono unapakua wa watu wawili.

Mwaka 1957 Mwishehe akafa kwa kichomi, hata miaka thelathini na mitano hajafikisha. Bi Chausiku alikuwa ametangulia, kwa hiyo hakuwapo mtu wa kusema neno. Baada ya hitma Mwajabu aliingia chumba alichowekwa ndani zamani, kukusanya vitu. Alikuta mkeka mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Kwenye sanduku la bati alikuta barua ya chuo, imechakaa kwenye mikunjo. Akaigeuza. Nyuma, kwa mkaa, palikuwa na a, e, i, o, u, kwa mwandiko mzuri wa kaka yake. Chini yake herufi zile zile, kwa mkono mwingine, wa kukwaruza, zilizorudiwa na kurudiwa mpaka zikanyooka.

Mwajabu alikaa chini akalia kwa uchungu, kwa kuwa sasa alikumbuka. Alikumbuka uzito kifuani. Akaelewa sahani ya pili ilikuwa ya nani, na kwamba miaka kumi yote kaka yake alimlea mtu mwingine ili yeye apumue. Alitafuta mwana hiti kila pembe, chini ya kitanda, darini, jalalani. Hakumwona.

Akarudi Chanika, kwa mumewe na binti yake wa miaka minne. Siku ya tatu, Marijani yuko shamba na mtoto amelala, jua limesimama, Mwajabu alikuwa anapakua wali. Akasikia kiambaza kinagongwa mara tatu. Chini, karibu na sakafu.

Aliinama kutazama. Ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa Jumatatu, na katika nyumba ile hakuna mwingine aliyejua kusoma wala kuandika. Kwenye kimo cha goti palikuwa na neno moja la mkaa, lililoandikwa kwa makini, herufi zimenyooka kama alivyozipenda kaka yake.

DADA.

Mwajabu alimtazama binti yake aliyelala, akasikiliza anavyopumua, kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akashusha sahani ya pili.